Nyumba Iliyofagiwa Ikabaki Tupu



Katika Injili ya Mathayo, sura ya 12, Bwana wetu anasimulia habari za pepo aliyemtoka mtu, akatangatanga nyikani, kisha akayakumbuka makao yake ya zamani. Aliporudi aliyakuta safi, yamepangwa vizuri, wala hamna mtu ndani. Akawaita wenzake saba, wabaya kumshinda yeye, wakahamia wote pamoja.

Tumeihubiri Injili hiyo miaka mingi tukidhani inawahusu wadhambi fulani walio mbali nasi. Leo tunakiri kwamba ilituhusu sisi wenyewe. Nyumba moja tuliifagia kwa mikono yetu, mbele ya altare, tukaiacha tupu.

Yuko kijana wa parokia yetu, hapa Dar es Salaam, aliyebwia unga kwa miaka saba. Yeye mwenyewe ameturuhusu tuyaandike haya, ila jina lake tutamwachia. Aliporudi kutoka nyumba ya upataji nafuu, alikokaa miezi sita, tulifurahi kupita kiasi. Jumapili iliyofuata tulimsimamisha baada ya Komunyo, akatoa ushuhuda. Kina mama walipiga vigelegele, wazee wakasimama, nasi tukamwekea mikono na kumwombea. Aliahidi mbele ya kanisa zima kwamba hatagusa tena. Tulirudi nyumbani tukiamini kwamba kazi imekwisha.

Wiki ya tano, mama yake alitusubiri nje ya sakristia baada ya Misa ya kwanza. Alisema, "Baba, amerudi kulekule." Hakulia. Alikuwa amekwisha kulia usiku.

Tulimtafuta kijana, tukamkuta, tukaketi naye. Tulikwenda na maneno ya kumkumbusha kiapo chake, lakini yeye alituwahi. Alisema, "Padre, Jumapili ile nilifurahi sana. Jumatatu niliamka alfajiri, sikuwa na pa kwenda. Nilizunguka mtaani hadi mchana. Waliokuwa wakiniita kwa jina langu ni wale wa maskani tu."

Tuliuliza kimyakimya miongoni mwetu: kati ya wote waliopiga makofi, ni nani aliyemtembelea katika wiki zile tano? Hakuna. Hata sisi mapadre wake hatukufika kwao, ingawa nyumba yao haizidi mwendo wa dakika kumi kutoka parokiani.

Ndugu wapendwa, hapo ndipo tulipoanza kujifunza upya. Uraibu ni ugonjwa unaoushika ubongo pamoja na utashi. Heroini ikizoeleka, mwili huidai, na ikikosekana huja arosto: maumivu ya viungo, kutapika, kuharisha, baridi na kukosa usingizi. Kiapo ni kitu chema, lakini hakiwezi peke yake kumvusha mtu katika saa hizo. Tena kuna hatari ambayo wengi hatukuijua. Mtu aliyekaa miezi bila kutumia, mwili wake umepoteza ule uzoefu. Akirudia kipimo chake cha zamani, kinaweza kuzima pumzi yake palepale. Kwa hiyo wiki za kwanza baada ya kurudi nyumbani, zile tulizompa makofi na kumwacha, ndizo zilizokuwa za hatari kuliko zote.

Safari hii alianza matibabu ya methadoni. Huduma hiyo ilianza hapa nchini mwaka 2011, katika Hospitali ya Taifa ya Muhimbili, na tangu hapo imefika katika hospitali nyingine. Ni dawa ya maji, ambayo mgonjwa huinywa mbele ya mhudumu. Huzuia arosto kwa muda wa takribani saa 24, bila kumlewesha mtu aliyepewa kipimo kinachomfaa. Hasa katika miezi ya mwanzo, humlazimu kufika kliniki kila siku, mvua inyeshe au jua liwake.

Baadhi yenu mlitulalamikia, na mzee mmoja wa Halmashauri ya Walei alisema waziwazi kwamba tunabadilisha unga kwa unga. Tunamheshimu mzee wetu, naye alisema kwa uchungu, kwa kuwa ukoo wake nao umezika. Lakini tunamjibu hivi: mgonjwa wa kisukari hatumwambii kwamba imani yake ni haba kwa kuwa anajidunga insulini. Dawa inamwezesha mtu kuamka akiwa na akili tulivu. Anachokifanya baada ya kuamka, hapo ndipo tunapohitajika sisi.

Jumuiya yao ndogo ndogo ililibeba jambo hili bila kelele. Kila juma familia moja ilitoa nauli ya daladala ya kwenda kliniki na kurudi, nayo ilikabidhiwa kwa siku moja moja, kwa ombi lake mwenyewe, maana fedha nyingi mfukoni zilimtia majaribuni. Mama mmoja mjane alimwekea uji kila arudipo, amnywee palepale barazani kwake. Fundi seremala aliyestaafu alimpa kazi ya kufagia karakana na kupiga msasa, kuanzia saa nne hadi alasiri. Jioni alisali rozari na jumuiya, kisha akala na kulala mapema. Alibadilisha namba ya simu, na akabadilisha njia, akazunguka mtaa wa pili ili asipite maskani.

Mambo hayo ni madogo mno kuyatolea ushuhuda kanisani. Hata hivyo ndiyo yaliyoijaza nyumba.

Waraibu wanaopata nafuu wana hekima yao, waliyorithishana katika vikundi kama vile Narcotics Anonymous, vilivyoanzia California mwaka 1953. Husema kwamba mtu ajihadhari anapokuwa na njaa, hasira, upweke au uchovu, kwa sababu tamaa huingia kwa milango hiyo minne. Husema pia kwamba asiahidi maisha yote, bali aishike siku ya leo. Tulipoyasikia hayo tulitabasamu, kwani Bwana wetu alikwisha kutufundisha kuomba mkate wa leo na kuiachia kesho masumbuko yake.

Mwezi wa nne aliteleza. Lakini mara hii alikuja mwenyewe, usiku uleule, akagonga mlango wa fundi. Fundi hakumhubiria. Alimtandikia mkeka, na asubuhi wakafuatana kliniki, ambako aliwaeleza wahudumu ukweli wote kabla ya kunywa dawa, kwa maana kuichanganya methadoni na unga, pombe au vidonge vya usingizi huweza kuua. Wahenga walisema kuteleza si kuanguka. Sisi tunaongeza kwamba aliyeteleza huinuka upesi akijua ni mlango gani wa kugonga.

Yuko mtakatifu mmoja tunayetamani mmfahamu. Marko Ji Tianxiang alikuwa tabibu nchini China. Aliugua tumbo, akajitibu kwa afyuni, nayo ikamfunga. Aliungama dhambi ileile tena na tena, hata padre wake akamnyima ondoleo, akidhani hana nia ya kuacha. Nyakati zile hawakuujua uraibu kama tunavyoujua leo. Kwa miaka ipatayo 30 hakupokea Komunyo, wala hakuliacha kanisa. Mwaka 1900, wakati wa uasi wa Mabondia, alikamatwa pamoja na jamaa zake. Inasimuliwa kwamba aliomba auawe wa mwisho, ili asiwepo hata mmoja wa nyumba yake atakayekufa peke yake. Mtakatifu Yohane Paulo II alimtangaza mtakatifu tarehe 1 Oktoba 2000, pamoja na mashahidi wenzake wa China.

Tunamfikiria sana padre yule, maana tungeweza kuwa sisi. Na tunamfikiria Marko, aliyewapa jamaa zake kile alichokikosa miaka mingi: mtu wa kukaa naye hadi mwisho.

Kijana wetu sasa yumo katika mwaka wa pili. Bado anakunywa dawa, na kipimo kinapunguzwa polepole kwa uamuzi wa waganga. Hatutamsimamisha tena kutoa ushuhuda, isipokuwa akitaka mwenyewe. Juzi alituomba jambo moja tu: mwenzake wa zamani wa maskani ameanza kliniki, na hana nauli wala pa kunywa uji.

Basi tunatafuta familia nne, moja kwa kila juma la mwezi, na mtu mmoja mwenye kazi ya mikono anayeweza kumvumilia mwanafunzi. Msituletee makofi. Njoni ofisini Jumatatu, saa tatu asubuhi.

Mtakatifu Marko Ji Tianxiang, utuombee.

Tukutane juma lijalo, Mungu akipenda. Ni sisi mapadre wenu.