Mikia Miwili ya Fuko

Ndugu msomaji, wahenga walisema usione vyaelea, vimeundwa. Watu wengi hula viazi vitamu kwa chai asubuhi wala hawajui vita vilivyopiganwa chini ya ardhi kabla ya viazi hivyo kufika mezani. Mimi navijua kwa sababu nimevipigana. Adui yangu ni fuko.

Kwetu ni karibu na soko la Khayega, kwenye barabara ya kutoka Kakamega kwenda Kisumu. Shamba letu si kubwa. Upande wa juu mama hupanda mahindi na maharagwe, na upande wa chini, kuelekea kijito, kuna viazi vitamu na mihogo. Viazi hivyo ndivyo vinavyonisomesha. Mama huvipeleka sokoni, na pesa akizipata hulipa karo kidogo kidogo.

Nilipokuwa kidato cha pili, siku moja mama alikwenda kuchimba viazi akarudi na nusu beseni. Juu majani yalikuwa mabichi, yamestawi kweli kweli, kumbe chini kulibaki maganda na mashimo. Mama aliketi kwenye kizingiti cha jikoni, hakusema neno. Muhula ule nilirudishwa nyumbani mara mbili kwa ajili ya karo. Nikaapa kwamba fuko yule atanitambua!

Basi nikaanza kwa ujinga wangu. Nilimwaga ndoo sita za maji shimoni, maji yakapotea kama yamemwagwa ziwani. Nikachoma pilipili kavu mlangoni mwa shimo ili moshi uingie ndani. Aliyekohoa ni mimi. Kisha nikakumbuka kitabu kimoja cha zamani nilichokisoma maktabani. Kilieleza kwamba huko Uingereza watu hufuga mnyama mdogo mwembamba aitwaye fereti, wa jamii moja na kicheche. Wawindaji hutandaza nyavu kwenye midomo ya mashimo ya sungura, kisha humwingiza fereti ndani. Sungura wakimsikia hutoka mbio na kunaswa. Nikaona nimepata dawa. Sisi hatuna fereti, lakini tuna mbwa!

Nilimweleza Kuka, yaani babu yangu mzaa baba. Kuka macho yake yamefifia, huona vivuli tu, lakini zamani alikuwa mtegaji mashuhuri wa fuko. Alinisikiliza mpaka mwisho, kisha akaniuliza, "Huyo sungura wao hulala wapi?"

"Shimoni, Kuka. Wengi pamoja."

"Na sungura wetu wa porini?"

Nikanyamaza. Nilijua kwamba sungura wetu wa porini hachimbi shimo. Hulala juu ya ardhi, kwenye nyasi, akitegemea miguu yake. Wale wa kuchimba ni wa Ulaya, ndugu za hawa tunaowafuga vibandani.

"Basi hao Wazungu si wajinga," Kuka akasema. "Walimjua sungura wao kwanza, ndipo wakatafuta wa kumtoa. Wewe unataka kumtoa fuko na humjui. Fuko hakimbii nje. Ukimtisha huziba njia nyuma yake akaenda zake. Mbwa wako atachimba mpaka amalize viazi vya mama yako."

Maneno hayo yaliniingia. Toka siku hiyo nikawa mwanafunzi wa Kuka kila Jumamosi. Wenzangu wengine walikuwa wakinichekelea, wakinialika twende na mbwa msituni kuwinda. Kuka alikataa kabisa. Alisema uwindaji ulipigwa marufuku nchini Kenya tangu mwaka 1977, na msitu wa Kakamega una wenyewe wanaoulinda. Fuko wa shambani ndiye wetu, maana ndiye anayekula karo yangu.

Haya ndiyo niliyojifunza, nawe msomaji ukiwa na shamba yatakufaa. Fuko huishi peke yake. Njia zote za chini unazoziona pengine ni za fuko mmoja tu. Macho yake ni madogo mno, lakini pua yake ni kali. Huchimba kwa meno yake ya mbele, makubwa na ya rangi ya machungwa, kisha husukuma udongo juu ukawa marundo. Kwa hiyo kwanza tafuta rundo jipya. Kuka hulitambua kwa kidole. Udongo ukiwa baridi na laini, fuko yuko karibu. Ukiwa umekauka, hapo ni kama nyumba iliyohamwa.

Pili, usitege kwenye rundo lenyewe. Chimba taratibu kati ya marundo mawili mapya mpaka uipate njia kuu, ile iliyolainika kwa kupitwa kila siku. Chomeka ufito mbichi unaopindika vizuri. Kwenye ncha yake funga kamba, na kwenye kamba funga kitanzi cha waya. Kitanzi kiingie njiani kikiwa kimegusa kuta pande zote, fuko asikisikie. Ufito uupinde kama upinde, uuzuie kwa kijiti kidogo kilichosimama njiani mbele ya kitanzi. Kisha acha upenyo wa hewa.

Hapo ndipo penye siri yote. Fuko hapendi upepo wala mwanga nyumbani mwake. Akisikia upepo unaingia, huja na udongo kuziba. Akisukuma udongo husukuma na kijiti, ufito hufyatuka, na kitanzi humbana. Kwa hiyo hakuna haja ya chambo. Unachotega ni tabia yake ya kutopenda mlango wazi.

Na mikono? Mara tatu nilikuta mtego umezikwa kwa udongo, waya umelala kando. Kuka alinusa waya akacheka. "Umeushika na mikono ya sabuni. Fuko ameoga pamoja nawe." Tangu hapo nilikuwa nikijisugua mikono kwa udongo wa shimo lile lile kabla ya kugusa chochote. Jumamosi ya nne ufito ulikuwa umesimama wima. Nilipiga mayowe mpaka mama akadhani nimeumwa na nyoka!

Habari zikaenea. Majirani wakaanza kuniita. Kwetu mtegaji hulipwa kwa mkia. Unamwonyesha mwenye shamba mkia wa fuko, naye anakupa chako. Mimi nililipwa shilingi 100 kila mkia. Kuka aliitunga mikia yote kwenye uzi akautundika jikoni juu ya meko, akisema hilo ndilo daftari lake.

Sasa, ndugu msomaji, nimefika mahali ninapoona haya. Jirani yetu mmoja ni mjane ambaye sisi watoto humwita senje. Fuko walikuwa wakimmalizia mihogo. Nilitega kwake wiki mbili nisipate kitu, kwa sababu njia zake zilipita kwenye mawe. Wakati huo huo pesa za mtihani zilikuwa zikidaiwa shuleni. Jioni moja, Kuka akiwa amelala, nilichomoa mikia miwili kwenye ule uzi, nikailoweka maji ionekane mibichi, nikampelekea senje. Alifurahi sana. Aliingia ndani akatoka na shilingi 200. Baadaye nilikuja kujua kwamba alikuwa ameuza kuku asubuhi ile ili asinicheleweshee malipo yangu.

Nililipa pesa za mtihani. Nilijiambia kwamba nitawanasa fuko wake baadaye, kwa hiyo ni kama nimekopa tu.

Jumapili baada ya kanisa Kuka aliuteremsha uzi. Alihesabu kwa vidole, mkia mmoja mmoja, kama mtu anayesali tasbihi. "Ilikuwa saba," akasema. "Leo ni mitano. Panya amekula?"

Ningeweza kusema ndiyo. Panya kwetu ni wengi. Lakini ulimi ulikataa, nikamweleza yote. Kuka hakunipiga wala hakupaza sauti. Alisema tu, "Mimi sioni. Maisha yangu yote sasa ni kuamini ninachoambiwa na watu. Senje wako anaona, lakini chini ya ardhi naye ni kipofu kama mimi. Ndiyo maana mkia ukawekwa." Kisha akauweka ule uzi mapajani mwangu akaondoka akipapasa kwa fimbo.

Kesho yake nilikwenda kwa senje. Miguu ilikuwa mizito kuliko jembe. Nilipomwambia, alinitazama kwa muda mrefu. "Mhogo mwingine ulianguka juzi," akasema. "Nilidhani wamekuja wengine, maana shimo likibaki tupu mwingine hulirithi. Hata ungenidanganya mara ya pili ningekuamini." Maneno hayo yaliniuma kuliko viboko. Laiti angenitukana!

Pesa sikuwa nazo tena. Tulikubaliana kwamba nitatega kwake bila malipo mpaka nipate mikia miwili ya shamba lake mwenyewe. Nilikwenda kila alfajiri kabla ya shule na kila jioni baada ya masomo. Niliacha kule kwenye mawe nikafuata njia mpaka kwenye migomba, udongo ulipokuwa laini. Baada ya siku kumi na moja nikampata wa kwanza. Wa pili alinichukua karibu mwezi mzima. Siku hiyo senje aliupokea mkia, akaugeuza, akaunusa, kisha akanipa kikombe cha uji. Mtego niliuacha palepale, naye akaniruhusu niendelee kutega.

Leo niko kidato cha tatu. Viazi vya mama vimestawi, na karo, ingawa bado ni ya vipande vipande, huja. Ule uzi ungali jikoni. Mikia miwili ya senje nayo imetungwa humo, lakini Kuka aliifungia fundo katikati ili vidole vyake viitambue. Kila akihesabu hufika pale penye fundo akatua kidogo. Hasemi kitu, nami nikiwa karibu huinama nikachochea moto.