Mchezaji wa Kumi na Mbili

Sentensi iliyomtambulisha mdogo wangu kwa mashabiki niliiandika mimi. Ilisema hivi: klabu imemsajili fowadi chipukizi wa miaka 19 ili kuongeza kina cha kikosi. Tangazo zima halikufika maneno mia moja. Nililipwa shilingi 1,500, zikaingia kwa simu siku ya sita, baada ya kukumbusha mara tatu.

Klabu haikujua kwamba huyo ni mdogo wangu. Mama yetu ni mmoja lakini baba ni tofauti, kwa hivyo majina ya mwisho hayafanani. Wala sura hazisaidii: yeye ana futi sita na inchi tano, mimi hata kwa matatu sihitaji kuinama.

Kazi ya kuandikia klabu hiyo niliipata kupitia jamaa niliyesoma naye chuoni kabla sijaacha. Naandika matangazo ya mechi, pole mchezaji akiumia, heri njema siku ya kuzaliwa ya kapteni. Nalipwa kwa kila andiko. Kuna mwezi naitwa mara kumi, kuna mwezi naitwa mara mbili, na kuna mwezi simu inakaa kimya hadi naangalia kama laini bado inafanya kazi.

Usiku ule tangazo lilipotoka, alinipigia kutoka kwa mathe, Kawangware, upande wa Gatina. Mimi naishi Kibera, pale Makina.

"Bro, umeandika mimi ni kina. Kwani mimi ni kisima?"

Nikacheka. Nikamwambia ni lugha tu ya michezo, maana yake timu ina watu wa kutosha.

Akanyamaza kidogo. "Kwa hivyo mimi ni wa kutosheleza."

Nilitafuta jibu nikakosa.

Kwa wewe usiyefuata mpira wa vikapu, hesabu yenyewe ni hii. Mechi ni dakika 40, robo nne za dakika kumi kumi. Kila timu ina watu watano uwanjani, kwa hivyo kocha ana dakika 200 za kugawa. Orodha ya mechi ni watu 12. Angegawa sawasawa, kila mmoja angepata karibu dakika 17. Lakini hakuna kocha wa hivyo. Wale watano wa kwanza wakila dakika 30 kila mmoja, 150 zimeisha. Watatu au wanne wanaofuata hugawana hizo 50 zilizobaki. Wa kumi, wa kumi na moja na wa kumi na mbili huvaa jezi, hupasha misuli, hupiga makofi na kupitisha chupa za maji. Hao ndio kina.

Si kwamba hawana kazi. Mchezaji akifikisha faulo tano anatoka na harudi. Kifundo cha mguu hakipigi simu kabla ya kuteguka. Na mazoezi ya watano kwa watano yanataka watu kumi. Wakija tisa, kocha mwenyewe anavaa raba. Klabu inamhitaji mtu wa kumi na mbili hata wiki ambayo hatagusa mpira. Tatizo ni kwamba kuhitajika ni jambo moja na kulipwa ni lingine.

Mkataba wake ulikuwa karatasi moja. Mshahara haukuwepo. Nauli shilingi 300 kwa kila siku ya mazoezi, 500 siku ya mechi, jezi mbili, na raba "zikipatikana". Niliusoma mara mbili, halafu nikapiga hesabu ambayo bado inanikera: kumtangaza kulinilipa mimi sawa na siku tano za yeye kukimbia.

Wiki hiyo hiyo ilikuja barua nyingine. Alikuwa amepata nafasi ya kusomea umeme katika chuo cha ufundi, na mathe alikuwa ameshapiga hesabu ya karo kupitia chama chake. Ila klabu ilikuwa kwenye maandalizi ya msimu: mazoezi saa kumi na mbili asubuhi, tena saa kumi na moja jioni, na uwanja uko mbali na chuo. Kijana akasema ataahirisha masomo mwaka mmoja.

Mathe hakubishana naye. Alinipigia mimi. "Jumapili uje."

Nilienda kwa miguu, kama kawaida yangu nikiwa na jambo la kufikiria. Unatoka Makina, unapita Toi, unashika Ngong Road hadi Dagoretti Corner, halafu Naivasha Road mpaka uanze kusikia makanga wa 46 wakiita watu wa tao. Mathe ana kibanda cha chapati na madondo karibu na steji. Alinipa sahani kwanza. Kwa mathe, ukiona umepewa chakula kabla ya salamu kuisha, jua una kesi.

"Wewe ndiye uliandika yale maneno?"

"Ni mimi, mathe."

"Kina ni mahali watu huzama." Akageuza chapati. "Wewe uliacha chuo ukaniambia unaenda kuandika. Nikanyamaza. Leo huyu ananiambia anaenda kurusha mpira. Ninyamaze tena?"

Niliacha chuo nikiwa mwaka wa tatu. Huwa nawaambia watu ni karo, na karo ilikuwa nusu ya sababu. Nusu nyingine ni kwamba nilikuwa nimeanza kulipwa kwa maandishi yangu, nikaona mlango umefunguka. Na kweli ulikuwa umefunguka, ila ni ule mlango wa nyuma, ambao huingii mpaka uitwe. Mathe hajui hiyo nusu ya pili. Ama labda anaijua, ndiyo maana alinitaka mimi nije.

Mdogo wangu alikuwa ameketi kwenye kreti ya soda, magoti yakikaribia kidevu. Alikuja na ushahidi. Akamtaja Khaman Maluach, kijana wa Sudan Kusini aliyekulia Uganda. Mwaka wa 2024 alikuwa akichezea City Oilers ya Kampala kwenye Ligi ya Vikapu ya Afrika, BAL. Juni 2025 akachaguliwa nambari 10 kwenye drafti ya NBA, sasa yuko Phoenix Suns. Halafu akamtaja Tylor Ongwae. Februari 2021, kule Yaoundé, Kenya ilikuwa nyuma ya Angola kwa pointi moja na sekunde zinaisha. Ongwae akarusha, ikaingia, 74-73. Kwa mpira huo Morans wakarudi AfroBasket kwa mara ya kwanza tangu 1993, mwaka ambao mashindano yalifanyiwa hapa hapa Nairobi.

Ushahidi wote huo ulitoka kwangu. Video ya Yaoundé nilimwonyesha mimi, kwenye simu yangu, akiwa na miaka kumi na tano na bado anacheza kwenye uwanja wa saruji wa shule moja ya Kawangware, rimu moja imepinda na nyingine haina wavu. Nilimwonyesha mrushaji. Lakini Morans wa Yaoundé pia walikuwa na orodha, na mimi niliyeitazama hiyo video labda mara hamsini, nikiulizwa leo nitataja majina matatu. Waliobaki nao walipanda ndege na kufanya mazoezi. Kuna mtu alimkaba Ongwae kila jioni ili Angola wasimwone mgeni.

Na kuhusu Maluach kuna kitu tulikuwa tumekiruka. Tangu 2022 BAL ina mpango wa kuweka kijana mmoja kutoka NBA Academy Africa kwenye kila timu, na City Oilers walimpata kwa njia hiyo. Hiyo akademia iko Saly, Senegal. Kuna bweni, kuna chakula, kuna darasa, kuna makocha. Yeye naye alikuwa kijana aliyeongezwa kwenye kikosi cha watu wazima. Ila wakati anangoja, kulikuwa na mtu analipia kungoja kwake.

Nilipokuwa nikimweleza mathe hayo ndipo nami nikaelewa kilichokuwa kikinisumbua tangu nisome ule mkataba. Benchi si aibu. Benchi inaweza kuwa shule nzuri kuliko ile niliyoacha. Swali ni nani analipa karo ya hiyo shule. Klabu ikikulipia, wewe ni mwanafunzi. Isipokulipia, basi wewe ndiye unayeifadhili klabu, kwa miguu yako, na kwa chapati za mama yako.

Mambo haya hayaondoki timu ikipanda. Nairobi City Thunder walipokuwa klabu ya kwanza ya Kenya kufika BAL, wakacheza Kigali Mei 2025, mtaani tulijivuna kama tuliopanda basi nao. Kanuni za ligi hiyo zinataka wachezaji wengi wa kila timu wawe raia wa nchi yake, na ni kanuni nzuri. Lakini ukifika kiwango hicho unatafuta uzoefu, na uzoefu mwingi unatoka nje. Kila mkongwe anayesajiliwa humsukuma chipukizi kiti kimoja zaidi kuelekea mwisho wa benchi. Simlaumu kocha yeyote. Dakika ni 200, na hakuna siku zimewahi kuwa 201.

"Sasa unasema aache ama asiache?" mathe akauliza.

Nikasema aende chuo mchana, na amwombe kocha mazoezi ya jioni pekee. Mdogo wangu akaniangalia kama msaliti. Alisema mchezaji mpya haombi ruhusa, mchezaji mpya hufika kwanza. Nikamwambia mimi nimefika kwanza miaka minne, na bado nakumbusha malipo mara tatu. Hilo sikupanga kulisema mbele ya mathe. Akanyamaza, akaniongezea madondo.

Jumatatu alienda kumwona kocha. Akanitumia ujumbe wa sauti, yuko barabarani, matatu zinapiga honi nyuma yake. Kocha alikubali bila kufikiria. Alisema, "Sawa tu, wa asubuhi ninao wa kutosha."

"Hata hakuinua kichwa, bro."

Nilijua hicho kidonda. Lakini ndiyo faida pekee ya kuwa wa kumi na mbili: asubuhi hakuna anayekutafuta. Septemba akaanza umeme. Jioni anatoka darasani na mkoba wenye koleo, bisibisi na raba.

Mechi tano za kwanza hakucheza hata sekunde moja. Ya sita ilikuwa kwenye ukumbi wa Nyayo. Alipitia kwangu Makina, tukashuka Laini Saba, tukatokea Mbagathi na kufuata barabara hadi uwanjani ili 500 ile ibaki nzima. Hakuongea njia yote.

Robo ya tatu, mafowadi wawili walikuwa na faulo nne nne. Kocha akaangalia benchi, akaangalia tena, akanyoosha kidole. Nilifungua saa ya simu. Alikaa uwanjani dakika tatu na sekunde kumi na mbili. Alishika rebaundi mbili, akafanya faulo moja, akatoa pasi moja nzuri ambayo mwenzake aliipoteza. Mara moja alisimama tu mahali, mikono juu, na mtu aliyekuwa anakuja mbio kufunga akabadilisha mawazo. Hilo halina safu kwenye karatasi ya takwimu. Halafu akaitwa, akaketi, akaweka taulo kichwani. Timu ilishinda.

Mathe akanipigia nikiwa bado kwenye ngazi.

"Amefunga ngapi?"

"Hajafunga."

"Ameumia?"

"La."

"Basi aje ale. Kesho ana darasa saa mbili."

Usiku huo klabu ilitaka ripoti ya mechi, maneno 300, kabla ya saa sita. Niliandika kuhusu aliyefunga pointi nyingi, robo ya nne, na kauli ya kocha. Karibu na mwisho nikaongeza mstari mmoja kuhusu chipukizi. Sikuandika kina. Ripoti ilipotoka asubuhi mstari huo haukuwepo. Waliukata kwa sababu ya nafasi, na sikulalamika, maana hata mimi naitwa nikihitajika na kukatwa nafasi ikiisha. Lakini bado ninao kwenye simu, na hapa nafasi ipo. Ulikuwa unasema hivi:

Robo ya tatu, mafowadi wakiwa na faulo nne nne, aliingia kijana wa miaka 19 kutoka Kawangware, akacheza dakika tatu, akashika rebaundi mbili, na timu haikuachwa nyuma akiwa uwanjani.