Shairi Katika Vinywa vya Wengi

Shairi lina maisha mawili. La kwanza ni maisha ya karatasi, ambamo msomaji mmoja hukutana na mtunzi mmoja kwa faragha. La pili ni maisha ya sauti, ambamo maneno humtoka mwenyewe na kuingia vinywani mwa watu asiowajua. Wapenzi wa Kiswahili hawana haja ya kufundishwa habari ya maisha haya ya pili, maana tenzi zilighaniwa kabla ya kupigwa chapa. Walakini katika kughani, sauti mara nyingi huwa moja na masikio huwa mengi. Je, shairi hupata nini, na hupoteza nini, likiimbwa na kwaya ya watu mia au elfu?

Nchi ya Estonia, iliyo kando ya Bahari ya Baltiki na yenye watu 1,300,000 hivi, ni mahali pema pa kutafuta jawabu. Mwaka 1869, ilipokuwa chini ya dola ya Urusi na sehemu kubwa ya ardhi yake ikimilikiwa na makabaila wa Kijerumani, kwaya za watu wa kawaida zilikusanyika katika mji wa Tartu kwa tamasha la kwanza la nyimbo. Waimbaji walikuwa wanaume 800 hivi. Miongoni mwa nyimbo zao zilikuwamo mbili ambazo Aleksander Kunileid alizitia muziki kwa maneno ya Lydia Koidula, mshairi mwanamke aliyekuwa na umri wa miaka 25. Kwa kuwa kwaya zilikuwa za wanaume watupu, mapenzi ya mwanamke huyu kwa nchi yake yalisikika siku ile kwa sauti zisizokuwa zake.

Mkosoaji ana haki ya kulalamika hapa. Kwaya huvuta silabi, na mizani iliyopimwa kwa uangalifu hupindwa ifuate lahani. Sauti zikipishana, maneno hufunikana, na fikira nyembamba hupotea katika uvumi wa jumla. Tena iko hasara iliyo kubwa kuliko hiyo: kwaya ni chombo, na chombo hubeba kinachopakiwa. Katika enzi ya Umoja wa Kisovieti tamasha hizi hazikukomeshwa. Zilipakiwa nyimbo za kuwasifu watawala. Gustav Ernesaks, ambaye mwaka 1944 alilitia muziki mpya shairi moja la Koidula katika yale mawili, ndiye pia aliyetunga muziki wa wimbo wa taifa wa jamhuri ya Kisovieti ya Estonia. Vinywa vile vile viliimba yote mawili.

Lakini yaliyofuata yaonyesha faida. Wimbo huo wa Koidula na Ernesaks uliimbwa katika tamasha la mwaka 1947, kisha ukaondolewa katika orodha. Kama shairi lingaliishi kwenye karatasi tu, kulifungia kitabu kungalitosha. Hili lilikuwa limekwisha kugawanywa. Katika kwaya hakuna mtu mmoja aliye na wimbo mzima: huyu ana sauti ya juu, yule ana ya chini, na kila mmoja humhitaji jirani ili kipande chake kipate maana. Mwaka 1960, mjini Tallinn, waimbaji waliuimba bila ya kuamriwa, na vipande vikakutana.

Nyimbo za jadi nazo zina somo lao. Veljo Tormis, aliyeishi kutoka 1930 hadi 2017, alizichukua nyimbo za kale za Estonia na kuzitungia kwaya. Katika nyimbo hizo kiongozi huimba mstari na wenziwe huurudia. Mstari kwa kawaida huwa na silabi nane, kama kipande cha utenzi, ila huunganishwa kwa sauti za mwanzo wa maneno badala ya vina vya mwisho. Kati ya miaka 1970 na 1989 Tormis alitunga pia mfululizo wa nyimbo za makabila madogo yaliyo jamaa na Waestonia, wakiwamo Walivonia. Mtu wa mwisho katika wale wa zamani walioipata lugha ya Kilivonia kwa wazazi wao alifariki mwaka 2013. Maneno yake yangali yakiimbwa na watu ambao hawawezi kuamkiana kwayo. Hapo ndipo uwezo wa kwaya unapokoma: samaki mkavu ni chakula, lakini haogelei tena.

Mwaka 1988 makundi makubwa ya watu yalikusanyika kuimba katika uwanja wa tamasha wa Tallinn, na mwaka 1991 Estonia ikarudisha uhuru wake. Husemwa kwamba nchi ile ilijikomboa kwa nyimbo. Yamkini ni haki zaidi kusema kwamba nyimbo ziliwazoeza watu kufumbua vinywa pamoja, hata ilipofika siku ya kusema, hawakuwa wageni wa sauti zao.

Mwanafunzi anayepima shairi kwa vina, mizani na maana hafanyi kosa. Imebaki mizani moja ambayo haimo katika vitabu: alipeleke kwa seremala, muuguzi na mwalimu wanaokutana jioni baada ya kazi, aone kama watakubali kulibeba.