Jina na Mlango

Ibara ya 54 ya Katiba ya Kenya ya mwaka wa 2010 inaanza na jambo ambalo kila mwanafunzi wa lugha angepaswa kulifahamu. Kabla ya kutaja shule, majengo au magari, ibara hiyo inampa mtu mwenye ulemavu haki ya kutendewa kwa heshima, na ya kuitwa na kutajwa kwa namna isiyomdhalilisha. Kisha, katika ibara iyo hiyo, zinafuata haki za kupata elimu, kufika mahali pa umma, kutumia usafiri, kupata habari, na kutumia lugha ya ishara na maandishi ya Breli. Waliotunga Katiba waliweka jina na mlango chini ya nambari moja. Katika makala haya ninanuia kueleza kwa nini naona kwamba sisi wanafunzi wa Kiswahili tumelishughulikia jina tukausahau mlango, na kwa nini, kutokana na niliyoyashuhudia nikiwa mkaazi wa Ruiru, naamini kuwa kimoja hakitoshi bila kingine.

Mjadala wa jina si mgeni kwetu. Hakosekani mwanafunzi wa kuuliza darasani kwa nini kipofu, kiziwi, kiwete na kichaa hubeba kiambishi ki-, kile kile kinachomgeuza mtu kuwa kijitu na mtoto kuwa kitoto. Wapo wanaojibu kwamba kiongozi, kijana na kinyozi pia hubeba kiambishi hicho na hakuna anayenung'unika. Kwa maoni yangu, pande zote mbili humsahau shahidi mmoja, naye ni upatanisho wa kisarufi. Hatusemi "kipofu kimekuja". Twasema "kipofu amekuja". Umbo la nomino ni la KI-VI, lakini kitenzi humpokea mwenyewe katika A-WA. Waliotuachia lugha hii walijua kwamba wanamzungumzia mtu.

Isitoshe, wenye majina hawakukaa kimya wakingoja wataalamu wa isimu. Nchini Tanzania, CHAWATA ni Chama cha Walemavu Tanzania, lakini shirikisho la vyama vya aina hiyo, SHIVYAWATA, likachagua kuitwa Shirikisho la Vyama vya Watu Wenye Ulemavu. Huko huko, wasioona wamelikwepa neno kipofu katika jina la chama chao, ilhali viziwi wamelihifadhi neno lao: CHAVITA ni Chama cha Viziwi Tanzania. Kwa viziwi wengi, uziwi si kasoro ya kufichwa bali ni utambulisho wa jamii yenye lugha yake ya ishara. Tunajifunza hapa kwamba heshima ya jina haitokani na kiambishi pekee. Hutokana pia na nani aliyelichagua.

Hata methali zetu zinahitaji kutazamwa upya. Wahenga walinena kuwa hujafa hujaumbika, nasi huitaja methali hiyo kila tunapomkanya mtu anayemcheka mwenzake. Ni onyo jema. Hata hivyo, msingi wake ni hofu: nimheshimu jirani kwa sababu huenda kesho nikawa kama yeye. Katiba imejengwa juu ya msingi mwingine. Jirani anastahili heshima na nafasi hata kama mimi nitaishi miaka mia bila kuteguka kidole.

Kutoka Ruiru hadi Thika ni safari fupi ya matatu, na Thika ina nafasi ya pekee katika historia ya jambo hili. Huko ndiko Jeshi la Wokovu lilikoanzisha shule ya wasioona mwaka wa 1946, na katika miaka ya 1960 likaanzisha shule ya Joytown kwa watoto wenye ulemavu wa viungo. Mwaka wa 1958 ndipo kilipoanzishwa APDK, chama cha kuwahudumia wenye ulemavu wa viungo nchini, ambacho baadaye kilifungua karakana za Bombolulu kule Mombasa ili watu wenye ulemavu wafanye kazi ya mikono na kupata riziki yao. Mashirika haya yasiyotafuta faida yalifungua milango wakati ambapo mingine mingi ilikuwa imefungwa, na ni haki yashukuriwe. Lakini shule maalumu ina lango, na kila mwanafunzi hutoka katika lango hilo siku moja. Swali la ujumuishi linaanzia hapo: akishatoka, anakuta nini nje?

Nje ni kama Ruiru. Mji huu umekua kwa kasi. Palipokuwa na mibuni sasa pana ploti, na juu ya ploti pana nyumba za kupanga za ghorofa nne au tano zisizokuwa na lifti. Baadhi ya Jumamosi mimi hujitolea katika kikundi kidogo cha wazazi wa watoto wenye ulemavu. Kazi yangu ni ya lugha. Fomu za usajili na barua za hospitali aghalabu huandikwa kwa Kiingereza, nami huketi na mzazi nikamfafanulia kwa Kiswahili. Siku moja alikuja mama mwenye mtoto wa miaka 6. Majirani walikuwa wamemshawishi kuwa mtoto amerogwa. Barua aliyokuwa ameihifadhi kwa miaka miwili ilitaja hali ya mtoto waziwazi, lakini hapakuwa na mtu aliyemsomea kwa lugha anayoielewa. Nilimweleza kwamba hali hiyo huitwa mtindio wa ubongo. Kwamba hutokana na ubongo kudhurika kabla ya mtoto kuzaliwa, wakati wa kuzaliwa au mapema maishani. Na kwamba haiambukizi wala si laana. Aliniomba nimwandikie maneno hayo matatu kwenye karatasi, kwa herufi kubwa, ili akawaonyeshe watu wa ploti yao. Sijawahi kuona istilahi ikipokewa kwa shukrani kama ile.

Hata hivyo, karatasi ile haikumshusha mtoto ngazi. Familia yake inaishi ghorofa ya tatu. Mama humbeba mgongoni, na mtoto anazidi kuwa mzito kila mwaka. Kiti cha magurudumu walichopewa kwa msaada hulala chini, dukani kwa mtu, kwa hisani yake. Wakienda kliniki, makanga humtoza mama nauli yake, nauli ya mtoto, na nauli ya kiti, kama kwamba kiti ni gunia la viazi la kupelekwa sokoni. Sheria ya Watu Wenye Ulemavu ya mwaka wa 2003 ilikuwa imewapa wenye majengo ya umma miaka 5 ya kuyarekebisha, na wenye magari ya umma miaka 2, tangu vifungu husika vianze kutumika. Mwaka wa 2025 nchi ilipata sheria mpya ya kuchukua nafasi ya ile. Mama yule bado hujadiliana na makanga mlangoni pa matatu.

Tusidhani kuwa hayo ni ya mtaani tu. Ninaye mwenzangu darasani anayetumia kiti cha magurudumu. Muhula mmoja iliandaliwa semina kuhusu istilahi zenye staha za kuwarejelea watu wenye ulemavu. Ukumbi uliotengwa ulikuwa ghorofa ya pili, katika jengo lisilo na lifti. Wenzetu wanne walijitolea kumbeba. Alikataa. Hakukataa kwa hasira. Alisema tu kwamba amebebwa vya kutosha maishani mwake, na kwamba angependa kuingia chumbani jinsi wengine wanavyoingia. Semina ikafanyika. Mada ziliwasilishwa kwa ufasaha, maswali yakaulizwa, na ikaafikiwa kwamba "mtu mwenye ulemavu" ndilo jina linalofaa. Jioni nilimpelekea muhtasari. Aliusoma wote, akaukunja, kisha akaniuliza: "Mmeafikiana kuhusu jina. Je, mmeafikiana mtakutana wapi mara ijayo?"

Swali lake ndilo lililonisukuma kuandika. Sarufi yetu humpokea mtu huyu katika A-WA bila kusita, lakini ngazi zetu na nauli za mizigo humrudisha katika KI-VI. Tukilisafisha jina tukaacha ngazi zilivyo, tutakuwa tumemtengenezea mgeni jina zuri la kumwitia akiwa nje.

Yapo mambo ambayo chama chetu kinaweza kuyafanya bila kungoja mfadhili wala bajeti. Kwanza, mikutano yetu yote ifanyike ghorofa ya chini, au mahali panapofikika kwa kiti cha magurudumu, na jambo hilo liandikwe katika kanuni zetu lisibaki hisani ya kiongozi wa mwaka huu. Pili, makala ya jarida hili yatolewe pia katika nakala ambazo kompyuta au simu inaweza kuwasomea wasioona, na sisi wenye macho tupange zamu za kuwasomea kwa sauti vitabu ambavyo havipatikani kwa Breli. Tatu, wanafunzi wa tafsiri wapewe kazi ya kweli: fomu na barua ambazo wazazi wa Ruiru, Juja na Thika huzibeba mikobani bila kuzielewa. Sidhani kuna zoezi la tafsiri litakalotufundisha zaidi ya hilo.

Basi, ndugu msomaji, tangazo la mkutano wetu ujao litakapobandikwa, tusome kwanza mahali utakapofanyikia, kisha ndipo tusome mada.