Karatasi za Kwenda Sirari

Kenya niliijua kwanza kwa mche wa sabuni. Mwanzoni mwa miaka ya themanini maduka ya Bariadi hayakuwa na kitu, sukari ilikuwa ya mgao, na mpaka ulikuwa umefungwa tangu Februari 1977, mwaka ule Jumuiya ya Afrika Mashariki ya kwanza ilipovunjika. Bidhaa zilipita hivyo hivyo. Walanguzi walizivusha kwa njia za panya huko Tarime, ambako Wakurya wana ndugu pande zote mbili, zikateremka Bunda, Lamadi, hadi kwetu. Msako wa wahujumu uchumi ulipoanza mwaka 1983, mama alificha miche miwili ndani ya kihenge, chini ya mtama. Nguo za shule zikafuliwa usiku.

Novemba mwaka huohuo marais Nyerere, Moi na Obote walikutana Arusha, mpaka ukafunguliwa. Baba mdogo akataka kwenda Migori, Kenya, safari hii kihalali. Bariadi ilikuwa bado mkoa wa Shinyanga, na hati ya kusafiria ilitoka huko. Kwa hiyo mtu wa kwenda kaskazini alianza kwa kwenda kusini, kupitia Maswa, akalala kwa watu, akarudi, ndipo akashika njia ya mpakani Sirari. Wengi waliona heri njia ya panya, na mimi siwalaumu hata leo.

Mkataba wa Jumuiya mpya ulitiwa saini Arusha tarehe 30 Novemba 1999. Mwaka huohuo ilianza kutolewa pasipoti ya Afrika Mashariki, na hiyo ndiyo niliyovukia mara ya kwanza. Niligongewa muhuri Sirari, nikatembea na begi langu juani, nikapanga foleni nyingine Isebania, upande wa Kenya, na kadi ya homa ya manjano mkononi. Siku hizi maofisa wa nchi mbili wanakaa kituo kimoja. Itifaki ya Soko la Pamoja ilianza kutumika Julai 2010, na mwaka 2012 Simiyu ikawa mkoa, makao makuu Bariadi. Baba mdogo angeshangaa: karatasi aliyoifuata Shinyanga sasa inashughulikiwa mjini kwetu.

Lakini bei! Pasipoti ya kielektroniki ilizinduliwa Januari 2018 kwa shilingi 150,000. Msimu ule kilo ya pamba ilikuwa shilingi 1,100. Mkulima wa Dutwa angeuza zaidi ya kilo 130 ili apate kitabu cha kumfikisha Migori kununua bidhaa za duka. Ipo hati ya dharura, nafuu zaidi, ila ni ya muda mfupi.

Tangu 2014 raia wa Kenya, Uganda na Rwanda wanavuka kwa kitambulisho cha taifa. Tanzania haikuingia katika mpango ule. Ulaya, kati ya nchi tano zilizosaini mwaka 1985 makubaliano ya Schengen ya kuondoa ukaguzi mipakani, zilikuwamo zilizopigana vita viwili vikubwa karne hiyohiyo. Sisi tuligombana kwa ndege na reli za Jumuiya. Mpwa wangu anauza vitenge soko la Bariadi na kadi yake ya NIDA, yaani kitambulisho cha taifa, ina picha, namba na alama za vidole vyake. Mimi naona inatosha kumvusha Sirari, aende Isebania asubuhi na kurudi na mzigo wake, akiwa ameulipia ushuru.