Nilisema Sina Swali

Mama yangu aliacha kwenda kliniki ya presha kwa sababu yangu. Kwa muda mrefu niliwaambia ndugu zangu kwamba mwajiri wangu mpya ndiye aliyeniingiza mjini. Haikuwa kweli.

Nilikuwa na kazi Dar es Salaam, mshahara shilingi 900,000. Kila mwezi NSSF ilipokea 180,000 kwa jina langu: asilimia 10 yangu, asilimia 10 ya mwajiri. Tulikuwa pia na bima ya NHIF, na mama nilimwandikisha kama mtegemezi wangu. Yote hayo niliyaita makato. Kila nikishika salari slipu nilinung'unika, kana kwamba nimeibiwa.

Kampuni nyingine ikaniita kwa 1,200,000. Dada mmoja wa uhasibu pale kazini aliposikia akaniambia, "Kaka, usiangalie hela ya mkononi tu. Uliza bima, uliza mafao." Nikamshukuru, lakini moyoni nikasema ana wivu. Siku ya usaili mwenyekiti wa jopo aliniuliza kwa upole kabisa kama nina swali lolote kwao. Lilikuwapo, limenifika kooni. Nikaogopa kuonekana mtu wa tamaa, anayedai kabla hajafanya kazi. Wengi tumelelewa hivyo: mgeni haulizi kilichopo jikoni. Nikasema sina.

Kwenye mkataba nilisoma kifungu cha malipo, nikasaini. Kumbe ndani nimeitwa mshauri, si mwajiriwa. Kwa hiyo nilikatwa kodi ya zuio asilimia 5 na basi: hakuna NSSF, hakuna bima, hakuna likizo ya malipo ya siku 28 ambayo Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya 2004 inampa mwajiriwa. Na bado kila asubuhi nilisaini daftari la mahudhurio na kupangiwa kazi na msimamizi kama wenzangu wote. Baadaye nilijifunza kwamba sheria zetu za kazi hutazama namna mtu anavyofanya kazi, si jina alilopewa kwenye karatasi, na kwamba ningeweza kuhoji. Sikuhoji. Nilihofia kwamba mkataba hautahuishwa.

Lakini kosa langu zito si hilo. Nilijua mapema kabisa kwamba bima haipo, na sikumwambia mama. Nilijipa moyo kwamba nyongeza ya mshahara itatosha akiumwa, kisha nyongeza ikaingia kwenye kodi ya nyumba nzuri zaidi. Ningeweza kuchangia NSSF mwenyewe kwa hiari. Hilo nalo nililiahirisha mwezi hadi mwezi.

Kadi ilipokataliwa dirishani, mama hakunipigia simu. Alirudi nyumbani akanunua dawa kidogo duka la dawa, akawa anameza leo na kuruka kesho ili zidumu. Dada yangu ndiye aliyegundua, siku mama alipozidiwa. Nilipomuuliza mama kwa nini hakusema, alijibu, "Mwanangu, ulikuwa na furaha na kazi yako. Nikaona nisikuharibie." Naye alikuwa ameona haya kuuliza. Sijui angejifunza wapi kuniuliza, ilhali mimi mwenyewe nilikuwa nikimkwepa kila mazungumzo yakielekea kwenye hospitali.

Sasa niko kwingine. Kabla ya kusaini nilimuuliza afisa rasilimali watu kama mkataba ni wa ajira au wa ushauri, michango ya NSSF inaanza mwezi gani, bima inabeba wategemezi gani, na kama inafanya kazi hata katika muda wa majaribio. Alijibu kimoja kimoja bila kukunja uso, kisha akanichapia karatasi yenye orodha nzima. Nilitoka pale nikiwa na uchungu, kwa jinsi ilivyokuwa rahisi.

Mama yuko kwenye bima tena na kliniki anahudhuria, ingawa daktari amemwongezea dawa. Pensheni ya NSSF inahitaji michango ya miezi 180, na kwenye taarifa yangu kile kipindi cha ushauri kiko tupu. Ndugu zangu nimewaeleza ukweli. Kaka yangu mkubwa bado ana hasira nami, na ana haki.