Shorobo wa Msitu wa Loitokitok

Labda umepata kusikia, msomaji, habari za ndege wa visiwa vya mbali, wenye rangi kama nguo za sikukuu, waishio kwa matunda ya mwituni. Basi huna haja ya kupanda jahazi ili umwone ndege wa namna hiyo. Msitu ulio ubavuni mwa Kilimanjaro, juu ya mji wa Loitokitok, nao ni mfano wa kisiwa, kwa maana nyika kavu imetanda chini yake kama bahari.

Humo hukaa shorobo. Mgongo wake na kifua chake ni kijani. Kishungi chake ni buluu iliyoiva hata ikakaribia weusi, na mbele ya jicho ana doa jeupe. Akitulia mtini ni shida kumwona, kwa kuwa amevaa rangi ya majani. Mimi humtambua kwanza kwa sauti yake ya kukwaruza, kisha kwa mbio zake juu ya matawi, kama kindi. Lakini akiruka, mbawa hufunguka, na wekundu uliofichwa huwaka ghafula kama kaa lililopulizwa.

Wekundu huo una ajabu yake. Arthur Church, mkemia wa Uingereza, alieleza mwaka 1869 kwamba ndani ya rangi hiyo mna shaba, madini yale yale yafuliwayo kuwa vyombo na nyaya.

Hata hivyo, thamani ya shorobo haimo katika mavazi yake. Yeye humeza kuyu na matunda mengine, kisha huziangusha mbegu mbali na mti uliozaa. Ni mpanzi asiye na jembe. Miti ikiota, msitu hudumu. Msitu hunasa mvua na ukungu, na maji huzama ardhini hata yakatokea katika chemchemi kama ile ya Nolturesh, ambayo maji yake yamevutwa kwa mabomba mpaka Kajiado na Kitengela.

Fikiri basi, msomaji. Akatae mkuyu mlimani hamnyimi ndege chakula tu. Shorobo si msafiri wa nyika. Kisiwa chake kikiliwa na shoka, hana jahazi la kumwokoa. Nasi tukaao ng'ambo ya nyika tutapata habari za msiba wake siku tutakapofungua mfereji tukaukuta mkavu.